Je, Wajua? Mchore Kabla Hajaondoka

Je, wajua kwamba kalamu ya risasi haina risasi hata chembe? Ndani mna grafiti na udongo wa mfinyanzi, mchanganyiko aliousajili Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795, vita vilipoikatia Ufaransa grafiti ya Uingereza.

Je, wajua mtihani wa Delacroix? Mshairi Baudelaire anasimulia kuwa mchoraji huyo alimwambia kijana mmoja: kama huwezi kumchora mtu aliyeruka dirishani ghorofa ya nne kabla hajafika chini, kazi kubwa zisahau. Nimepiga hesabu. Kwa mita 12 anakupa sekunde moja na nusu hivi, na hapo penseli uwe umeshaichonga.

Ndiyo maana mchoro wa haraka hauna habari na kope wala vifungo vya shati. Kimon Nicolaïdes, aliyefundisha shule ya sanaa ya Art Students League jijini New York, aliwataka wanafunzi wachore kile mtu anachofanya, si anavyofanana. Kitabu chake kilitoka 1941, mwenyewe ameshafariki.

Rodin, yule mchongaji, je? Julai 1906 aliwaona Paris wacheza ngoma wa Mfalme Sisowath wa Kambodia. Walipoondoka kwenda Marseille, mzee wa miaka 65 akapanda treni kuwafuata! Alirudi na michoro kama 150: mikono iliyopinda, vidole vilivyobetuka, magoti yaliyokunjwa. Alikuwa na mazoea ya kuchora macho yakiwa kwa mchezaji, karatasi haitazami. Mistari mingine inapishana, mguu mmoja unaweza kuwa na kingo mbili, na raba haikuguswa. Kwangu mimi hiyo ndiyo raha yake.

Hata wachora katuni wa Disney walirudishwa darasani usiku, 1932, kuchora watu halisi.

Ukitaka kujaribu, nenda kituo cha daladala. Mtazame mama aliyebeba mtoto mgongoni, uzito wote ameutupia mguu wa kulia. Nyonga ya kulia imepanda, bega la kulia limeshuka. Teremsha mstari kutoka kishimo cha koo: utaangukia karibu na kisigino cha mguu uleule. Chora mabega, chora nyonga, shusha mguu. Konda akigonga bodi, mama huyo kaondoka. Fungua ukurasa mwingine. Kuna kijana anakuja mbio, kandambili moja mkononi.