Chini ya Kofia ya Uyoga

Mvua za Novemba zikianza kuilowesha misitu ya miombo ya Tabora na Iringa, ardhi iliyokauka kwa miezi kadhaa hufumuka uyoga. Wachumaji hutangulia na vikapu. Nyuma yao siku hizi anaweza kufuata mtu wa aina nyingine: hachumi, bali hulala kifudifudi kwenye majani mabichi, jicho kwenye kamera, akimlenga kiumbe asiyezidi urefu wa kidole.

Kulala huko kuna sababu. Anayepiga picha akiwa amesimama hurudi na kofia tupu, na kofia peke yake husema machache. Habari kubwa iko chini, kwenye vijikaratasi vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Humo ndimo zinamotengenezwa spora, chembe ambazo kwa uyoga ni kama mbegu.

A. H. R. Buller, mtaalamu wa kuvu aliyefanya kazi Winnipeg, Kanada, alichunguza jinsi spora zinavyoruka. Tone dogo la maji hukua penye kitako cha spora, kisha huungana ghafla na utando wa maji ulio ubavuni mwake, na msukumo huo huirusha. Spora haifiki mbali, hata milimita moja ni nadra. Hutoka tu kwenye ukuta wake, ikaanguka katika nafasi iliyo kati ya kurasa mbili, ikachukuliwa na upepo. Jicho haliwezi kuiona spora moja, lakini mwanga ukipitishwa kutoka nyuma, mbele ya kivuli cheusi cha gogo, spora nyingi kwa pamoja huonekana kama moshi mwembamba. Kamera huunasa.

Kazi ngumu ni fokasi. Lenzi ya makro inapokuza kitu hadi ukubwa wake halisi kwenye kihisio cha kamera, eneo linaloonekana wazi huwa na unene wa takriban milimita moja tu. Ukingo wa kofia ukiwa wazi, shina limefifia. Kwa hiyo mpiga picha huweka kamera kwenye stendi fupi, akapiga picha kumi, ishirini au zaidi, kila moja akiisogeza fokasi kidogo, kisha programu ya kompyuta huziunganisha zile sehemu zilizo wazi. Upepo mmoja ukitikisa shina, anaanza upya. Kipande cha karatasi ya aluminiamu chini ya kofia hurudisha mwanga pale penye giza.

Miombo humpa uyoga wa kila ukubwa. Termitomyces microcarpus, wenye kofia za sentimita moja au mbili, huota kwa mamia karibu na vichuguu. Ndugu yake Termitomyces titanicus, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1980 kutokana na uyoga wa Zambia, anaweza kuwa na kofia ya karibu mita moja. Wote wanategemea mchwa, wanaowalisha kuvu hao mabaki ya mimea ndani ya vichuguu. Kitabu cha uyoga wa Tanzania cha Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi, kilichotolewa Helsinki mwaka 2003, kinaonyesha utajiri huo.

Hata hivyo picha nzuri haitoshi kuupeleka uyoga jikoni. Amanita loosii huliwa miomboni; Amanita phalloides, jamaa yake wa Ulaya, huua kwa kuharibu ini. Wote wawili wana kifuko kwenye kitako cha shina, mara nyingi kikiwa kimefukiwa udongoni, mahali ambapo kamera haifiki mpaka mtu achimbe.

Mpiga picha makini basi hupiga juu, chini na kitako, sarafu ikiwa kando kuonyesha ukubwa. Jioni huikata kofia moja, akailaza juu ya karatasi yenye nusu nyeusi na nusu nyeupe, akaifunika kwa bakuli. Asubuhi spora zimeshachora mistari ya kila ukurasa: nyeupe kwa Amanita, ya waridi kwa Termitomyces. Naye huiwasha kamera tena, aipige picha mistari hiyo pia.