Maji Yanatoka Wapi? Kuchagua Hoteli ya Kifahari Inayotunza Mazingira

Hoteli ya kifahari huuza starehe: kitanda kipana, shuka zinazobadilishwa kila siku, kiyoyozi, bwawa la kuogelea na wahudumu wanaomwita mgeni kwa jina lake. Hoteli inayotunza mazingira huahidi jambo jingine, kwamba starehe hiyo haitakausha visima vya kijiji jirani, haitamwaga uchafu baharini wala kufyeka mikoko. Ahadi hizi mbili hugongana mara nyingi kuliko vipeperushi vinavyokubali kusema. Anayezitaka zote mbili kwa mapumziko ya siku tatu au nne hana budi kujua zinagongana wapi.

Nyota za hoteli hazimsaidii sana. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hupanga hoteli kwa vigezo vya pamoja, kuanzia nyota moja hadi tano, lakini kwa sehemu kubwa kinachopimwa ni jengo, vifaa na huduma. Bwawa na bustani humwongezea mwenye hoteli sifa. Maji yanayojaza bwawa hilo ni habari nyingine.

Unguja inaonyesha vizuri tatizo hilo. Watu wa kisiwa hiki hutegemea zaidi maji ya ardhini, yaani mvua iliyopenya kwenye mawe ya matumbawe na kutuama chini. Visima vya pwani vikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia na kisima hugeuka chumvi. Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilitoa ripoti juu ya vijiji vya Nungwi, Kiwengwa na Jambiani. Ilionyesha kwamba kaya ya kawaida ilitumia lita 93 hivi za maji kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano zaidi ya lita 3,000. Mgeni hanywi maji yote hayo wala hayaogi. Mengi humwagilia bustani, hujaza bwawa na kufua nguo.

Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza kabla ya kulipia chumba ni la maji: yanatoka wapi, na yakishatumika yanakwenda wapi? Hoteli inayofanya kazi yake kwa makini hujibu bila kusita. Itasema inavuna mvua, au inayasafisha maji ya kuogea na kuyarudisha kwenye bustani, au inaondoa chumvi kwenye maji ya bahari kwa mitambo. Njia hii ya mwisho huokoa visima lakini hula umeme mwingi, kwa hiyo jibu lake halijakamilika bila kujua umeme nao unatoka wapi. Macho pia hujibu. Ukoka wa kijani kibichi juu ya ardhi ya mawe, katikati ya joto la kaskazi, unaeleza mengi.

Kadi ya bafuni inayomwomba mgeni atumie taulo lile lile siku mbili si jibu. Neno la Kiingereza linalotaja ujanja wa kampuni kujipaka rangi ya kijani lilizaliwa kutokana na kadi kama hiyo: Mmarekani Jay Westerveld alilitumia mwaka 1986 katika makala iliyokosoa hoteli zinazohubiri kuokoa taulo huku zikifanya machache mengine ya maana. Kadi yenyewe haina ubaya, ila inaokoa sabuni na gharama za mwenye hoteli kabla ya kuokoa bahari.

Umeme ni hesabu ya pili. Kiyoyozi kinachounguruma mchana kutwa ndani ya chumba chenye ukuta wa kioo unaotazama jua hakisamehewi kwa paneli mbili za jua juu ya paa la mapokezi. Wajenzi wa zamani wa mwambao walilikabili joto kwa kuta nene, dari za juu, ua wa ndani na madirisha yanayopitisha upepo. Hoteli iliyojengwa kwa maarifa hayo huanza na deni dogo. Mapambo ya asili, hata hivyo, yasimdanganye mtu. Boriti za mikoko hupendeza machoni, lakini mikoko ndiyo kitalu cha samaki, na paa la makuti halisemi chochote kuhusu shimo la maji machafu lililo nyuma ya jiko.

Mahali ambapo mambo haya yamefanyiwa kazi tangu msingi ni Chumbe, kisiwa kidogo cha matumbawe kilicho kilomita 12 hivi kusini-magharibi mwa mji wa Zanzibar. Kazi ya kukihifadhi ilianza mapema miaka ya 1990 kwa juhudi za Mjerumani Sibylle Riedmiller, na mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa upande wa magharibi kuwa hifadhi ya bahari isiyovuliwa. Kisiwani kuna mnara wa taa wa mwaka 1904, msikiti mdogo wa zamani, msitu, kaa wa nazi, na paa nunga waliohamishiwa huko ili wasitoweke. Nyumba za wageni ni saba tu.

Kila nyumba ina paa la makuti lililoundwa kukusanya mvua. Maji huchujwa na kuhifadhiwa kwenye birika chini ya sakafu, kisha mgeni huoga kwa maji yaliyopashwa na jua. Maji ya kuogea hupita kwenye kitalu cha mimea inayoyanyonya pamoja na uchafu wake. Choo hakina maji kabisa, ni cha mboji. Sababu yake ni jiwe lenyewe: matumbawe yana vitundu, na shimo la choo la kawaida lingevuja moja kwa moja hadi kwenye mwamba ambao wageni wamelipa kuutazama. Umeme ni wa jua. Usiku njia za msituni haziwashwi taa, na mgeni hupewa tochi ili viumbe wa usiku wasisumbuliwe. Kiyoyozi hakipo, upepo wa bahari huingia upande ulio wazi.

Katika mwamba huo wameorodheshwa aina zaidi ya 400 za samaki. Wageni huogelea juu yake na kutazama, lakini kupiga mbizi kwa mitungi kwa ajili ya starehe hakuruhusiwi. Walinzi wa kwanza walikuwa wavuvi wa maeneo hayo waliofundishwa kazi mpya, na fedha za malazi hulipia ulinzi huo pamoja na safari za wanafunzi wa Zanzibar wanaopelekwa kujifunza bahari. Anayehesabu anasa kwa marumaru na mabomba ya dhahabu ataiona Chumbe kuwa ghali kwa mahali pasipo na bwawa. Kinachouzwa pale ni ukimya, nafasi na samaki, vitu ambavyo hoteli ya vyumba 200 haiwezi kuvitoa kwa bei yoyote.

Hesabu ya tatu ni watu: nani ameajiriwa, samaki na mboga zinanunuliwa kwa nani, ardhi ni ya nani. Hoteli ya Il Ngwesi ya Laikipia, Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1996, inamilikiwa na jamii ya Wamaasai wenyewe. Ni mfano mzuri, maana mwenye malisho ndiye anayefaidika wanyama wanapobaki hai.

Vyeti hurahisisha uchunguzi, bila kuumaliza. Ecotourism Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1996, hupima hoteli na kambi na kuzipa daraja la shaba, fedha au dhahabu. Kimataifa, Baraza la Utalii Endelevu Duniani huweka vigezo na kuidhinisha mashirika yanayotoa vyeti. Halitoi cheti kwa hoteli moja kwa moja, kwa hiyo inayodai kupewa cheti na Baraza lenyewe inastahili swali la ziada. Ni vizuri pia kutazama tarehe, kwa kuwa cheti huisha muda wake lakini nembo haibanduki ukutani yenyewe. Maneno matupu kama “rafiki wa mazingira” hayana uzito bila ushahidi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya kuyapiga marufuku katika matangazo yasiyo na uthibitisho.

Msimu nao hubadili bei. Wakati wa masika hoteli nyingi za pwani hupunguza gharama, na nyingine hufunga milango kwa matengenezo. Chumbe hufungwa tangu katikati ya Aprili hadi katikati ya Juni, miezi ambayo mvua hujaza birika za wageni watakaofuata.