Mwenye Kisukari, Pima Mkojo Kila Mwaka

Je, una ugonjwa wa kisukari? Basi tunza figo zako. Figo huweza kuharibika bila kuuma.

Figo huchuja damu kama chujio la chai. Uchafu hutoka na mkojo. Protini hubaki katika damu. Sukari ikizidi kwa muda mrefu, chujio huharibika. Protini iitwayo albumini huanza kuvuja na kuingia katika mkojo. Hii ni dalili ya mapema. Huwezi kuiona kwa macho.

Mwaka 2013 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walieleza habari za wagonjwa 369 wa kisukari waliopimwa. Wagonjwa 295 walikutwa na albumini katika mkojo. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba figo zake zinaumwa.

Wewe uliyeko Mtowisa, usingoje miguu ivimbe. Usingoje kupandishwa mlima kwenda Sumbawanga ukiwa hoi. Nenda kituo cha afya ungali na nguvu. Kipimo cha kawaida cha mkojo huenda kisioneshe albumini iliyo kidogo. Kwa hiyo uliza kipimo cha albumini. Kama hakipo, uliza kinapatikana wapi.

Albumini ikionekana, usiogope. Homa nayo huweza kuileta. Rudia kupima. Ikionekana tena, mganga atakupa dawa za kulinda figo. Punguza chumvi. Pima sukari na shinikizo la damu. Usimeze dawa za maumivu ovyo.

Figo ikifa haifufuki. Ilinde ingali hai.