Rekodi Sita za Askari wa Majaribio ya Nyuklia

Bomu kubwa kuliko yote, la Kisovieti lenye megatoni 50, lililipuliwa Novaya Zemlya tarehe 30 Oktoba 1961. Rekodi hiyo inajulikana. Za askari walioamriwa kusogea karibu na mabomu hazisimuliwi sana, na zinastahili kusimuliwa.

Mazoezi makubwa zaidi. Totskoye, Urusi, 14 Septemba 1954. Wanajeshi wapatao 45,000 chini ya Jemadari Georgy Zhukov walikuwa uwandani bomu la kilotoni 40 lilipolipuka hewani, mita 350 hivi juu ya ardhi. Baadaye siku hiyohiyo vikosi vikaendesha vita vya mazoezi katika eneo hilo. Askari waliapishwa wasiseme lolote kwa miaka 25.

Usafi wa hatari zaidi. Bikini, bahari ya Pasifiki, Julai 1946. Bomu la Marekani lililolipuliwa chini ya bahari lilizimwagia meli za shabaha maji yenye mionzi. Mabaharia wakatumwa kupiga deki na kusugua, lakini mionzi haikutoka. Kati ya washiriki 42,000 hivi, waliopewa beji ya kupimia mionzi ni kama asilimia 15 tu.

Hesabu iliyokosewa vibaya zaidi. Jaribio la Marekani la Bravo, Bikini, 1 Machi 1954. Zilitarajiwa megatoni 6 hivi, zikatoka 15. Majivu yaliwaangukia Wamarekani 28 wa kituo cha hali ya hewa, kisiwani Rongerik. Waliondolewa kesho yake. Wenyeji wa Rongelap, waliokuwa karibu zaidi na mlipuko, waliondolewa keshokutwa.

Jaribio la kwanza lenye nguvu kuliko jaribio la kwanza la nchi nyingine yoyote. Ufaransa ililifanya Afrika, si kwao: Reggane, Algeria, 13 Februari 1960, kilotoni 70. Tarehe 1 Mei 1962, pia Algeria, katika mlima wa In Ekker, mlipuko wa Kifaransa wa chini ya ardhi ulivuja. Askari walikimbia wingu la mionzi pamoja na mawaziri Pierre Messmer na Gaston Palewski. Palewski alifariki mwaka 1984 kwa saratani ya damu.

Utafiti uliotikisa zaidi. Zaidi ya wanajeshi 3,000 walikuwepo kwenye mlipuko wa Smoky, Nevada, Marekani, Agosti 1957. Mwaka 1980 watafiti walitangaza wagonjwa 9 wa saratani ya damu miongoni mwao. Waliotarajiwa hawakufika 4.

Subira ndefu zaidi. Marekani ilipitisha sheria ya fidia mwaka 1990, Ufaransa mwaka 2010. Askari wa Uingereza, nchi iliyoanza majaribio mwaka 1952, walitangaziwa medali mwaka 2022, wengi wao wakiwa wameshazikwa.

Askari anayedai fidia huenda akaulizwa alipata mionzi kiasi gani. Aliyenyimwa beji atatoa wapi jibu? Serikali iliyomtuma bila kipimo ndiyo inayopaswa kubeba mzigo wa ushahidi, na penye shaka haki iende kwa askari.