Disemba Bila Tei, Kericho Hadi Bomet

Wasee wa Litein, Kapsoit, Sotik na Silibwet, mnajua venye Disemba inakujaga huku kwetu. Shule zimefungwa, mabeste wamerudi ocha kutoka Nairobi na Nakuru, vijana wanatoka menjo na kila wikendi kuna tumdo kwa boma ya mtu. Bonasi ya chai ilishaingia, na kuna wasee bado wako na ganji imebaki. Katikati ya hiyo shangwe yote kuna beshte mwenye ameacha tei mwaka huu. Hii stori ni yake.

Kinachomsumbua sana ni mbogi, kuliko hata kiu. Miezi ingine anaweza hepa base: asubuhi anachuna chai, jioni anaingia keja. Disemba base inamfuata hadi kwao. Anko anamwekea glasi, binamu anafungua mzinga, mwingine anamuuliza kama ameokoka ama anameza dawa. Kudinda mara moja ni rahisi. Kudinda usiku mzima ukiwa solo ndio ngori.

Kwa hivyo usiende solo. Mwaka wa 1935, huko Akron, Marekani, Bill Wilson alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, na dili yake ya biashara ikaanguka. Alikuwa kwa hoteli, na baa iko pale pale karibu. Akashika simu, akaanza kutafuta mlevi mwingine wa kubonga naye. Akapatana na daktari Bob Smith, na hao wawili ndio wakaanzisha Alcoholics Anonymous.

Hapa Kenya hiyo simu ni 1192 ya NACADA. Ni ya bure, masaa 24. Piga ukiwa nyuma ya hema, piga ukiwa kwa shamba, piga hata saa nane usiku.

Alafu kabla ya tumdo, panga form na msee mmoja soba. Wale mliingia menjo pamoja mlifunzwa kushikana, so ambia mmoja wao mapema: "Leo sigusi. Ukiniona karibu na jerikeni, nitoe hapo." Mkubaliane saa ya kuhepa na nduthi ya kuwarudisha. Ganji ya ziada achia mathe. Dishi ushibe, na ushike kikombe ya chai ama mursik, ju mkono tupu ndio watu hujaza. Na wewe manzi mwenye umeacha, najua watu hukucheka hata kabla hujafungua mdomo. Tafuta sista ama kogo mwenye hatapeleka stori yako soko.

Hapa sasa skizeni poa. Msee mwenye amekuwa akikunywa kila siku asikate ghafla akiwa amejifungia kwa keja. Siku mbili tatu za kwanza, akianza kutetemeka vibaya, kutoka jasho, kuona vitu hazipo ama kushikwa na kifafa, anaweza kudedi. Mpelekeni hosi hapo hapo: Kericho kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, Bomet kuna Longisa na Tenwek. Daktari ako na dawa ya kumshusha mos mos.

Na nyinyi wenye boma, tunawaheshimu, lakini sheria ya vileo ya 2010 inakataza kumuuzia ama kumpa pombe mtu hajafika miaka 18. Kijana akitoka menjo na miaka 15, kwa hiyo sheria bado ni mtoto. Mpongezeni na mursik. Na mgeni akisema hanywi, mletee soda bila maswali.

Kama uko na beshte ameacha, usingoje akutafute. Mpigie leo, muulize Krismasi atakuwa wapi, alafu uende ukae na yeye.