Mvuvi, Mto na Kamera

Watu wengi wa mji wa Eldoret huvuka daraja la mto Sosiani kila siku, wengine wakienda sokoni, wengine kazini, wala hawaulizi maji yale yanakwenda wapi. Maji hayo hutoka katika nchi ya juu upande wa mashariki, hupita katikati ya mji, kisha huingia katika mto Kipkaren. Kipkaren nao humwaga maji yake katika mto Nzoia, na Nzoia huteremka mpaka Bunyala, ambako huingia katika Ziwa Victoria. Basi mtu asimamaye darajani Eldoret na mvuvi ategaye mtego wake kule bondeni wanatumia maji mamoja.

Hapo zamani wafugaji wa nyanda za juu hawakuhesabu uvuvi kuwa kazi yao. Mali yao ilikuwa ng'ombe. Lakini chini, katika nchi ya Waluo na ya Wanyala, mto ulikuwa shamba. Siku hizi vijana wengi wa mjini wana kamera, au simu yenye kamera nzuri, na safari ya kufika huko si ndefu. Kwa hiyo yafaa kueleza jinsi kazi ya wavuvi wa mto inavyoweza kupigwa picha kwa njia iliyo njema, na kwa nini kazi hiyo isicheleweshwe.

SAMAKI APANDAYE MTO

Uvuvi wa zamani wa mto Nzoia ulitegemea sana samaki aitwaye ningu. Samaki huyu hukaa ziwani, lakini mvua kubwa zinyeshapo na mto ukifurika, huingia mtoni na kupanda juu ili atage mayai yake katika majani yaliyofunikwa na maji. Wavuvi waliijua safari hiyo kama mkulima ajuavyo majira ya kupanda. Walisimamisha uzio wa miti na fito kukata mto, nao Waluo huuita kek. Katika nafasi zilizoachwa waliweka migono, yaani vikapu virefu ambavyo samaki huingia kwa urahisi lakini hawezi kutoka. Uzio haukuwa wa kila mpita njia. Kwa kawaida ulikuwa na wenyewe, ukoo au jamaa, na haki ya mahali pale iliheshimiwa.

Nyavu za kunasa samaki kwa matamvua zililetwa katika Ziwa Victoria mnamo mwaka 1905. Baadaye nyavu hizo zilitegwa kwa wingi penye vinywa vya mito, na ningu wakanaswa wakiwa bado na mayai tumboni, kabla hawajazaa. Samaki anayekamatwa hivyo haondoki peke yake, bali huondoka pamoja na kizazi chake. Ningu wakapungua mno, na walipopungua, uzio nao ukapungua. Kijana asiyeona mgono ukisukwa hawezi kuusuka atakapokuwa mzee. Hiyo ndiyo sababu ya haraka: picha haiwezi kumrudisha samaki, lakini yaweza kuhifadhi maarifa ya mikono.

KWANZA RUHUSA, KISHA KAMERA

Mpiga picha afikapo mtoni asitoe kamera mara moja. Kwanza apige hodi kwa wazee wa mahali na kwa viongozi wa wavuvi, aeleze jina lake, atokako, na picha hizo zitapelekwa wapi. Kisha amwombe kila mtu ruhusa yake mwenyewe, maana ruhusa ya mzee si ruhusa ya kila mvuvi. Kwa watoto, wazazi ndio waulizwe. Hili si jambo la adabu tu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, hulinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yahusu pia picha ambayo mtu aweza kutambulikana kwayo.

Tena afikiri juu ya madhara. Mvuvi aweza kuonekana katika picha ameshika wavu wenye matundu madogo kuliko yaruhusiwayo. Picha hiyo ikisambazwa pamoja na uso wake na jina la kijiji chake, yeye ndiye atakayeulizwa, hali mpiga picha yuko nyumbani kwake salama. Ikiwa mtu amekubali kwa kutojua, si haki kumtumia kutojua kwake.

MWANGA NA MAJI

Maji humdanganya mpiga picha. Yanapong'aa, kamera hudhani mahali pote pana mwanga mwingi, nayo hupunguza mwanga. Matokeo yake mto waonekana vizuri, lakini uso wa mvuvi ni giza tupu. Dawa yake ni kupima mwanga penye uso au mkono wa mtu, wala si penye maji. Kwa simu, ni kugusa uso wa mtu katika kioo kabla ya kupiga.

Wakati bora ni asubuhi, kuanzia kucha hadi saa tatu hivi. Jua la nchi iliyo karibu na ikweta hupanda upesi, na likifika utosini vivuli huangukia machoni. Kwa bahati njema, asubuhi ndiyo saa ambayo mitego iliyolala majini hutazamwa. Kwa wavu unaorushwa, mlango wa kamera ufunguke kwa sehemu ya 1 ya 500 ya sekunde, au upesi zaidi, ili wavu uonekane umetanda hewani. Kwa mikono inayosuka, mwendo wa polepole watosha, mradi kamera imetulia.

Picha moja haitoshi kueleza kazi. Yapasa kufuata kazi yote: fito zinapokatwa, mgono unaposukwa, uzio unaposimamishwa, samaki wanapotolewa, wanapogawanywa, wanapokaushwa kwa moshi, na wanawake wanapowapeleka sokoni. Mara nyingi wageni hupiga picha ya mtu aliye majini tu, wakawasahau walio nchi kavu, ambao bila wao samaki hangekuwa chakula wala fedha. Kila picha iandikiwe siku, mahali, jina la chombo kwa lugha ya wenyeji, na jina la mtu ikiwa amekubali. Picha isiyo na maelezo, baada ya miaka hamsini, ni fumbo.

KURUDISHA

Mwaka 1936 mtaalamu Mwingereza, E. E. Evans-Pritchard, alipiga picha nyingi katika nchi ya Waluo. Picha hizo zikahifadhiwa katika jumba la Pitt Rivers, Oxford, mbali na watu waliopigwa. Miaka sabini ilipita. Ndipo mwaka 2007 Gilbert Oteyo na Chris Morton walipoleta nakala zake Nyanza na kuzionyesha kwa wananchi, katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, maana yake kukumbuka ya kale.

Kijana wa Eldoret hana haja ya kungoja muda mrefu namna hiyo. Picha chache zilizochapishwa, zikapelekwa mtoni kwa wenyewe mwezi ufuatao, zitamfurahisha mvuvi. Tena wazee watakaozitazama watasahihisha majina na kueleza yale ambayo kamera haikuyaona. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mpiga picha naye ni mgeni, na nakala aliyoileta ndiyo itakayomfungulia mlango safari ya pili.