Fahamu: Hesabu ya maji yanayopita nguzo za daraja

Barabara ya Dongo Kundu huwafikisha madereva wa Changamwe pwani ya kusini bila foleni ya feri ya Likoni. Madaraja yake ya Mwache na Mteza yanavuka maji ya bahari. Maji hupitaje kwenye nguzo?

Kwa nguzo ya mviringo yenye nusu kipenyo 1, na maji yakichukuliwa kuwa hayana mnato, wahandisi huanza na fanksheni f(z) = z + 1/z, ambapo z = x + iy ni namba changamano. Inafaa tu ikiwa ni analitiki katika eneo lote la maji, yaani katika kila nukta kasi yake ya kubadilika ni ile ile kwa kila mwelekeo wa z.

Utajuaje? Tenganisha sehemu halisi u na sehemu dhahania v za fanksheni. Kasi ya u kubadilika kwa x ilingane na ya v kwa y. Ya u kwa y iwe kinyume cha ya v kwa x. Kasi hizo zisikatike popote. Hili ndilo sharti la Cauchy na Riemann.

Jaribu z²: u = x² − y², v = 2xy. Jozi ya kwanza ni 2x na 2x. Ya pili −2y na 2y. Imepita kila mahali. Lakini x − iy hutoa 1 na −1: imeanguka kote.

Nayo z + 1/z hukwama penye z = 0 pekee, yaani katikati ya nguzo, pasipo na maji. Kwa hiyo inafaa.